Pistoni Isimamapo, Jicho Hudanganyika

Barabara itokayo Mombo kwenda Lushoto ina urefu wa kilomita zipatazo 30 tu, lakini katika mwendo huo mfupi gari hupanda takriban mita 1,000. Hupita Soni, hukata kona moja baada ya nyingine ukingoni mwa genge, na aghalabu huwa limejaa watu na mizigo. Njia hii ndiyo ishushayo kabichi, karoti, plamu na peasi za Usambara kwenda masoko ya Tanga na Dar es Salaam. Injini ikichemka katikati ya mlima, abiria huteremka na kukaa kando ya barabara, na mboga huanza kunyauka juani. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Lakini kwa injini ambayo taimingi yake si sahihi, hata kupanda kwenyewe ni ngoma.

Hali hiyo itokeapo, lawama huangukia uzee wa gari, ubovu wa petroli au ukali wa mlima. Ni kweli kwamba mlima una sehemu yake. Mji wa Lushoto uko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa huko ni pungufu kwa kiasi cha asilimia 15 ikilinganishwa na ile ya pwani. Injini isiyo na kifaa cha kusukumia hewa hupata hewa haba zaidi katika kila mpigo, na nguvu zake hupungua. Hakuna fundi awezaye kuizuia kanuni hiyo ya maumbile. Lakini kwa kuwa mlima umekwisha kuchukua sehemu yake, haifai gereji nayo ichukue nyingine. Na mara nyingi gereji huichukua kwa kosa dogo: kutojua kwa hakika ni wakati gani pistoni ya kwanza imefika juu kabisa.

Mahali pistoni ifikapo kabla ya kugeuka na kushuka ni kikomo chake cha juu. Vitabu vya watengenezaji hukiandika kwa herufi TDC. Hapo ndipo zianziapo hesabu zote za injini: wakati wa cheche ya plagi, wakati wa kupuliza dizeli, na wakati wa vali kufunguka na kufunga. Cheche ikitoka mapema mno, moto huisukuma pistoni ambayo bado inapanda. Injini hugonga, na kugonga huko kwaweza hata kuitoboa pistoni. Ikichelewa, joto jingi huishia katika ekzosi badala ya kufanya kazi. Nguvu hupungua, mafuta huteketea bure, na injini hupata moto kupita kiasi.

Katika gereji nyingi mazoea ni haya. Plagi ya silinda ya kwanza hufunguliwa, bisibisi ndefu hutiwa tunduni, na injini huzungushwa taratibu kwa spana. Bisibisi ikipanda hata ikaonekana imesimama, fundi husema, "Hapo hapo!" na kazi huendelea. Fundi huyo si mzembe. Ametazama kwa makini, lakini ametazama mahali pasipoonyesha kitu. Kadiri pistoni inavyokikaribia kikomo, ndivyo mwendo wake unavyofifia. Chukua injini ambayo pistoni yake husafiri milimita 90. Krenkishafti ikiwa imebakiza nyuzi 5, kwa kawaida pistoni haijabakiza hata robo ya milimita kufika juu. Ni jicho gani litakaloitambua robo hiyo kwenye bisibisi inayoyumba? Ilhali nyuzi 5 katika taimingi ni kosa kubwa. Krenkishafti ikiwa nyuzi 40 mbali na kikomo, uzi 1 tu huisogeza pistoni zaidi ya nusu milimita, na hapo kipimo chaweza kuaminika.

Hekima hii si ngeni. Wanajimu wa kale wa Bara Hindi na wa nchi za Kiislamu walijua kwamba kivuli cha kijiti huwa kifupi kabisa jua lifikapo upeo wake, lakini wakati huo huo hakionekani kubadilika. Kwa hiyo hawakukikodolea macho adhuhuri. Walichora duara kuzunguka kijiti, wakaweka alama pale kivuli kilipoigusa duara asubuhi, na nyingine kilipoigusa tena alasiri. Katikati ya alama hizo mbili ndipo palipokuwa na mstari wa adhuhuri.

Fundi naye afanye vivyo hivyo. Plagi zote zikiwa zimetolewa na betri imefunguliwa, achukue ganda la plagi kuukuu, apitishe ndani yake bolti yenye ncha ya mviringo, na kulifunga katika silinda ya kwanza liwe kizuizi. Azungushe injini polepole kwa mkono, asitumie stata kamwe, mpaka pistoni iguse kizuizi. Aweke alama kwenye puli. Kisha azungushe upande wa pili mpaka iguse tena, aweke alama ya pili. Nusu ya masafa mafupi kati ya alama hizo ndiyo kikomo cha juu. Alama ya kiwandani nayo ikaguliwe kwa njia hii, maana katika injini nyingi ukingo wa puli umeshikizwa kwa mpira, na mpira ukizeeka ukingo huteleza pamoja na alama yake. Tena asisahau kwamba katika injini ya mipigo minne pistoni hufika juu mara mbili: mwisho wa mgandamizo na mwisho wa kutoa moshi. Kabla ya kufunga kizuizi, kidole kikizibe tundu la plagi. Hewa ikikisukuma, huo ndio mgandamizo.

Wako watakaosema kwamba fundi hodari huseti kwa sikio. Sikio la fundi ni chombo cha thamani, lakini husikiliza gari limesimama mahali tambarare. Kosa hudhihirika kwenye kona za Soni, mzigo ukiwa mgongoni. Wengine watasema kwamba magari ya leo huongozwa na kompyuta. Hata hayo, mkanda wa taimingi ubadilishwapo, kazi huanzia kwenye kikomo kile kile.

Tatizo kubwa zaidi limo katika elimu. Mwanafunzi wa sekondari huchora mchirizo wa saini ubaoni asijue kwamba unapanda na kushuka ndani ya kila injini ipitayo mbele ya shule yake. Mwanagenzi wa gereji huushika mwendo huo kwa mikono yake miwili asijue jina lake. Shule na vyuo vya ufundi hapana budi viwakutanishe hao wawili, kwa lugha waielewayo wote. Injini mbovu moja, bolti moja na kipande cha chaki vyatosha kuanzia.