Mtumishi ni Mtu Kwanza

Aghalabu kazi inapozorota katika ofisi au shule, lawama huelekezwa pande mbili: ama fedha hazitoshi, ama watumishi ni wavivu. Sababu zote mbili zaweza kuwa za kweli. Lakini ipo ya tatu, ambayo ni nadra kuandikwa katika taarifa ya robo mwaka, nayo ni uhusiano mbaya baina ya watu wanaofanya kazi pamoja. Mwalimu mkuu na msaidizi wake huwasiliana kwa vikaratasi. Karani anajua faili lilipo, lakini kwa kuwa jana alifokewa mbele ya wageni, leo ananyamaza. Anayelipa gharama ya ugomvi huo ni mwananchi aliyetembea tangu alfajiri kufuata huduma, na mtoto anayekaa darasani bila mwalimu.

Wataalamu wamelichunguza jambo hili. Mwaka 1958 mwanasaikolojia wa Marekani, William Schutz, alichapisha kitabu kilichotokana na utafiti wake kuhusu vikundi vya kazi katika Jeshi la Majini la nchi yake. Alieleza kwamba kila binadamu anapokuwa na wenzake huwa na mahitaji matatu: kuhesabiwa kuwa mmoja wao, kuwa na usemi katika mambo yanayomhusu, na kupata ukaribu na upendo. Watu hutofautiana kwa kiasi. Yuko anayetaka ashirikishwe katika kila jambo, na yuko anayetosheka akiachwa na kazi yake. Ugomvi mwingi huanza pale ambapo mmoja anampa mwenzake asichokihitaji na kumnyima anachokihitaji.

Yafaa ieleweke kwamba maarifa hayo si mageni katika nchi hii. Wilayani Rungwe, ambako kata ya Bagamoyo ni sehemu ya mji wa Tukuyu, Wanyakyusa waliyajua zamani na wakayawekea utaratibu. Monica Wilson na mumewe Godfrey walifanya utafiti miongoni mwao kati ya 1934 na 1938, na mwaka 1951 mama huyo akachapisha kitabu kuhusu vijiji vya marika. Wavulana wenye umri wa miaka kumi hivi walitoka nyumbani kwa baba zao wakajenga vibanda vyao pembeni, na huko wakakua pamoja. Walikwenda kula kwa mama zao kwa makundi, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Hakuna aliyekula peke yake, na hakuna aliyeuliza kama yeye ni wa pale.

Maisha hayo yaliongozwa na jambo waliloliita ukwangala, yaani raha ya kukaa na wenzio, kula, kunywa na kuzungumza nao. Ilisadikiwa kwamba mtu hupata adabu na busara kwa mazungumzo ya namna hiyo. Tena walijua kwamba kijana hawezi kuwa mtu wa kuamriwa daima. Takriban mara moja katika kila kizazi ilifanywa sherehe ya ubusoka, ambapo wazee waliwakabidhi vijana wao uongozi wa nchi, nao wakakaa pembeni. Kuhesabiwa, kuwa na usemi na kuwa na ukaribu: yote matatu yalikuwa na mahali pake.

La hasha, haikuwa pepo. Wanawake hawakuwa na vijiji vyao. Walihesabiwa katika vijiji vya waume zao. Hofu ya uchawi ilivunja ujirani na kuwahamisha watu. Hatimaye uhaba wa ardhi na safari za kwenda kutafuta kazi za mshahara viliudhoofisha utaratibu wenyewe. Hata hivyo, wazee wale hawakuuacha uhusiano mwema utegemee tabia ya mtu mmoja mmoja. Waliuundia desturi, na desturi ikawabeba hata wale ambao kwa tabia zao wasingeuweza.

Hapo ndipo ofisi na shule nyingi za leo zinapopungukiwa. Watumishi waliopangiwa Tukuyu si wa rika moja wala wa mkoa mmoja. Mwalimu kijana kutoka Mtwara anafika katika mvua na baridi asiyoizoea, anaoneshwa darasa na kukabidhiwa ratiba, basi. Mwezi unapita bila mtu kumuuliza amelala wapi. Baada ya miaka miwili anaomba uhamisho, nao waliobaki wanasema kwamba vijana wa siku hizi hawana wito. Huenda wito alikuja nao. Aliloukosa ni mahali pa kuuweka.

Hitaji la pili ndilo lenye historia nzito zaidi katika taifa hili. Waraka wa Rais Namba 1 wa 1970 uliagiza kuundwa kwa mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma. Mwaka uliofuata Mwongozo wa TANU, katika ibara yake ya 15, ukawakataza viongozi majivuno, ubadhirifu, dharau na ukandamizaji. Wafanyakazi waliisoma ibara hiyo kwa makini kuliko ilivyotarajiwa. Katika migomo iliyofuata hadi 1973, malalamiko mengi hayakuwa ya mishahara bali ya matusi na dharau za mameneja. Watu walikuwa tayari kuweka zana chini kwa sababu ya heshima.

Mabaraza ya wafanyakazi yapo hata leo katika utumishi wa umma. Lakini baraza linaloitwa ili kusomewa maamuzi yaliyokwisha kufanywa halimpi mtu usemi. Linampa kiti tu. Watumishi hutambua tofauti hiyo upesi, nao hujibu kwa silaha isiyoonekana, yaani kufanya kile tu kilichoandikwa na kutoongeza hata chembe.

Kuhusu upendo, wengine watacheka. Watauliza: je, ofisi imekuwa kilabu? Kubembelezana hivi hakutaua nidhamu? Swali hilo ni halali. Lakini kumsikiliza mtu si lazima kukubaliana naye, wala kumjulia hali si kumsamehe uzembe. Mkuu anayejua kwamba mtumishi wake anauguza humwonya kwa haki zaidi kuliko asiyejua. Kinachoua nidhamu ni upendeleo, yaani ukaribu wanaopewa wachache wanaokunywa chai na mkubwa. Wala isidhaniwe kwamba maneno matamu ni badala ya haki. Mtumishi anayedai malimbikizo ya mshahara alipwe kwanza, ndipo apewe pole.

Hatua zinazohitajika hazidai bajeti. Mtumishi mgeni apokewe na mtu aliyeteuliwa rasmi, amtembeze, amtambulishe, na kumfuatilia kwa muhula mmoja. Agizo litolewe pamoja na sababu yake. Sifa zitolewe hadharani na karipio faraghani. Mkuu mwenye miaka 30 asione haya kumwamkia shikamoo mhudumu wa miaka 55 kabla ya kumtuma. Amri yake haitapungua nguvu, bali itapata baraka. Na kabla ya kuamua jambo linalohusu zamu, ratiba au nyumba, wenye zamu, ratiba na nyumba waulizwe.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Hapana budi viongozi wa ofisi na shule wakumbuke kwamba vidole havikutani vyenyewe. Vijiji vya marika vya Rungwe havirudi, wala havihitaji kurudi. Lakini kazi waliyoifanya wazee wale, ya kuujengea utu utaratibu, inamngoja kila aliyekabidhiwa watu wa kuwaongoza, na ianzie katika kikao cha watumishi cha wiki ijayo.