Yaya naye ni abiria

Jamaa zetu wanaokaa Ubelgiji walituandikia kutuomba shauri. Baada ya miaka ya kuweka akiba, wamelipia safari ya siku saba katika bahari ya Mediterania: meli kubwa ya watalii inayoanzia Marseille, kupitia bandari za Italia na Uhispania, na kurudi ilikotoka. Wana watoto watatu: binti wa miaka 13, mvulana wa miaka 6, na mdogo wa mwaka mmoja na nusu. Ndani ya meli mna vyumba ambamo watoto hulelewa wakati wazazi wanapumzika. Mama, ambaye mwaka mzima hufanya kazi ya usiku, anataka kuvitumia. Baba anakataa. “Tutawaachaje watoto kwa watu tusiowajua,” aliandika, “nasi tuna binti mkubwa?”

Tuliisoma sentensi hiyo mara mbili. Hofu juu ya watu wasiojulikana ni ya haki, nasi tutairudia. Lakini nusu ya pili ndiyo iliyotusumbua. Hapa kwetu Kongo, yaya ni kaka au dada mkubwa, na jina hilo ni la heshima. Kwenye pwani ya Afrika Mashariki, neno hilohilo humtaja mwanamke anayelipwa kulea watoto wa wengine. Katika nyumba nyingi tumeyachanganya mambo hayo mawili: binti tumempa jina la heshima pamoja na kazi ya mwajiriwa, ila ujira hakuna. Wasichana wanaosoma ukurasa huu hawahitaji maelezo. Ni nani kati yao hajawahi kwenda arusini akarudi bila kumwona bibi arusi, kwa sababu mtoto aliyekuwa mgongoni mwake alilia akatakiwa kutoka naye nje?

Hatudharau malezi ya ndugu kwa ndugu. Mtoto aliyemtunza mdogo wake hujifunza uvumilivu ambao hakuna darasa linaloufundisha. Sisi wenyewe tulibebwa mgongoni na yaya wetu. Tulimaliza shule, yeye hakumaliza.

Sasa tuirudie hofu ya baba. Kwa miaka mingi tumeshughulika na kuwaandaa walimu wa watoto wadogo, na mapema kabisa tunawaambia kwamba mzazi anayeuliza maswali mlangoni si adui. Basi aulize. Katika kampuni nyingi za meli hizo, watoto hupokelewa bila malipo ya ziada kuanzia miaka 3, mara nyingi kwa sharti kwamba wamekwisha kuacha nepi, nao hugawanywa kwa umri. Ninyi mnaoongoza watoto wa Kizito-Anuarite mnajua sababu yake: mtoto wa miaka 4 na wa miaka 10 hawawezi kucheza mchezo mmoja kwa muda mrefu bila mmoja wao kulia. Walio chini ya miaka 3 hupokelewa katika baadhi ya meli tu, tena mara nyingi kwa malipo ya kila saa na kwa nafasi chache. Aulize walezi ni wangapi kwa watoto wangapi, wamepata mafunzo gani, wanasema lugha ambayo mtoto anaielewa, nani anaruhusiwa kuja kumchukua, na mzazi ataitwaje mtoto akikataa kutulia.

Aulize pia juu ya hatari. Sisi tunaovuka ziwa kati ya Goma na Bukavu hatuhitaji kukumbushwa kwamba maji si barabara. Mwezi wa Januari 2012, meli Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, ikiwa na watu zaidi ya 4,000; watu 32 walikufa. Abiria waliopanda siku ileile huko Civitavecchia walikuwa bado hawajafanya zoezi la kujiokoa, maana kanuni za wakati huo ziliruhusu lifanywe ndani ya saa 24. Tangu mwaka 2015 kanuni za kimataifa zinadai lifanyike kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Katika meli nyingi mtoto huvishwa bangili yenye alama ya mahali ambapo familia yake itakusanyika, ili mlezi ajue ampeleke wapi kengele ikilia. Baba na ahudhurie zoezi hilo pamoja na watoto wote watatu, hata kama wengine wanalipuuza.

Tulipoandika jibu tulisema hivi. Yule mdogo abaki na wazazi, nao wapokezane, baba asubuhi na mama jioni, au kinyume chake. Katika umri wake kuachwa na nyuso ngeni, mahali pageni panapoyumba, ni jambo zito, na siku saba hazitoshi kumzoesha. Mvulana apelekwe kwanza kuona chumba akiwa ameshikwa mkono, akae saa moja, kisha aulizwe kama anapenda kurudi. Akikataa, asilazimishwe kwa sababu ya fedha zilizolipwa. Akipenda, basi asubuhi mbili au tatu zinatosha, kwa kuwa hawakuivuka Ufaransa yote ili waonane wakati wa chakula tu. Na binti asihesabiwe hata kidogo katika mpango wa ulezi. Akitaka kumbeba mdogo wake kwa hiari, ni furaha yao wawili. Tikiti yake imelipiwa kama ya wengine.

Baba alikaa majuma mawili bila kujibu, tukadhani amekasirika. Kisha alituandikia kwamba amemwuliza binti, kwa mara ya kwanza, anataka kufanya nini melini. Alijibu kwamba anataka kulala hadi saa nne asubuhi, na siku moja kushuka bandarini mikono mitupu.