Hakuna Ardhi Tupu Garissa

Ardhi ya Garissa haijawahi kuwa tupu. Hata hivyo, kila panapotafutwa mahali pa jaa la taka, kichinjio au kiwanda cha moshi, jibu huwa lile lile: vipelekwe nje ya mji, huko ni jangwa, hakuna mtu. Kauli hiyo ni uongo, na imedumu kwa sababu inawafaa wanaoitamka.

Mwenye kuitamka mara nyingi amepita barabarani wakati wa kiangazi. Msimu huo ng'ombe na ngamia wako kwenye visima na kando ya Mto Tana, wanakoshukia maji kwa vipito vya jadi viitwavyo malka. Mvua ikinyesha husambaa malishoni, na pale palipoonekana patupu hujaa mifugo. Shamba la mahindi likishavunwa haliitwi ardhi tupu. Kwa nini malisho yanayopumzishwa yaitwe hivyo? Soko la mifugo la Garissa ni miongoni mwa makubwa Afrika Mashariki, na wanyama wanaouzwa pale hawakuzaliwa sokoni. Wamelelewa katika ardhi hiyo hiyo inayodaiwa haina kazi.

Maji nayo yanaisuta kauli hiyo. Laga, yaani mkondo wa mto wa msimu, hukaa miezi mingi ikiwa mchanga mkavu, kisha mvua moja kubwa huigeuza mto, na kilichomwagwa juu yake huteremka hadi kwenye visima na mabwawa.

Dharau hii ina historia. Waraka wa Serikali Nambari 10 wa mwaka 1965 ulielekeza fedha za maendeleo kwenye maeneo yenye mvua na ardhi nzuri, na kaskazini mwa Kenya, Garissa ikiwemo, ikaachwa. Kwa miongo mingi mkazi wa huko alisailiwa na kamati ya upekuzi kabla ya kupewa kitambulisho. Mtu alitakiwa kuthibitisha kwao ni wapi. Ardhi ya kwao ikagawiwa bila kuulizwa ni ya nani. Katiba ya 2010, Ibara ya 63, inasema ardhi ya jamii isiyosajiliwa inashikiliwa na kaunti kwa niaba ya jamii. Hiyo ni amana, na amana haigawiwi kimyakimya.

Wengine hudai wafugaji wamezoea kuhama, basi watahama. Anayesema hivyo hajui kuhama ni nini. Mfugaji hatangatangi, huzunguka kati ya maji na malisho anayoyajua, na kituo kimoja kikizibwa mzunguko wote hukatika.

Matokeo ya mipango ya namna hii yalionekana katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha madini ya risasi kutoka betri kuukuu kilianza kazi mwaka 2007 ubavuni mwa nyumba za watu. Kilitoa ajira, ndiyo, na waliofanya kazi humo walirudi nyumbani na sumu mwilini. Kilifungwa 2014. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaifuta 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024, miaka kumi baada ya kiwanda kufungwa.

Owino Uhuru ilikuwa na nyumba za kuhesabika na watoto wa kupimwa damu. Malka haina nyumba. Sumu ikimwagwa hapo msimu wa mvua, wenyewe hawatakuwepo kuiona; watarudi kiangazi, na mifugo itakunywa.