TAA HAZICHEZI GEMU: Mastaa Wanavyowaponza Madogo Wanaojichanga Kununua Kompyuta ya Kwanza

Wiki kadhaa nyuma kuna staa mmoja wa gemu, yule mwenye followers kibao na kofia ya kugeuza, alitupia video ya mashine yake mpya. Kasha la kioo, feni sita, taa zinabadilika rangi kama ukumbi wa harusi. Mwishoni akawachana mashabiki kwamba kompyuta isiyo na taa ni ya stationery tu, ya kuprinti CV. Watu wakacheka, like zikamiminika, video ikasambaa.

Sasa huo utani kuna mtu umemtoa machozi.

Dogo mmoja wa Mbagala, anauza viatu vya mtumba, alijichanga mwaka mzima akafikisha laki nane. Maza wake akakopa laki nne kwenye kikoba akamwongezea. Mpango ulikuwa umenyooka: mchana watoto wa mtaani wanacheza mpira kwa kulipia, usiku yeye anaedit video za harusi. Hiyo siyo starehe, hiyo ni ajira. Milioni moja na laki mbili zikaingia Kariakoo, na dogo ana ile video kwenye simu kama ramani.

Akaanza na kasha. Hapo ndipo alipopotea. Kioo na taa peke yake vikala robo ya hela. Iliyobaki akaigawa kwa kukisia: prosesa alisikia "i7" akabeba bila kuuliza, grafiki kadi akachukua iliyoandikwa GTX 1050 Ti, na pawa saplai akaokota ya bei chee kuliko zote. Stika inasema wati 600, ila ukiibeba mkononi ni nyepesi kama boksi tupu.

Mashine ikawaka, taa zikameremeta, dogo akapiga picha. Gemu lenyewe likawa linakwama kwama kama daladala yenye gia mbovu. Fundi mmoja jirani akaja kuangalia, ndipo ukweli ukaanza kutoka.

Ile i7 ilikuwa i7-870, chuma cha mwaka 2009. Wengi hawajui kwamba i7 ni daraja tu, haisemi umri. Umri uko kwenye namba zinazofuata. i5-8500 ni kizazi cha 8, ilitoka 2018, ina kori sita, inaiacha hiyo i7 ya zamani mbali sana. Ukiona i7 yenye namba tatu tu, jua ni babu.

Kadi nayo ilikuwa feki. Huu mchezo upo muda mrefu: wajanja wanachukua kadi za miaka ya 2010 na 2011, wanabadilisha programu yake ya ndani ili kompyuta iisome kama 1050 Ti, kisha wanabandika stika mpya. Kuna programu ya bure inaitwa GPU-Z, ina uwezo wa kuzishtukia kadi za namna hiyo. Dakika tano tu pale dukani kabla hela haijatoka mfukoni. Muuzaji akikataa kuiwasha mashine, hapo jibu umeshapata.

Ila kilichommaliza kabisa ni ile pawa saplai. Wiki ya tatu umeme ukakatika mtaani, ukarudi kwa kishindo, ikanuka moshi. Haikufa peke yake, ikaondoka na mazabodi. Na marejesho ya kikoba hayajui kama mashine imeungua. Maza anaendelea kulipa kila Jumamosi.

Mtu atasema dogo ni mzembe, angeuliza. Sawa, ana lawama yake. Lakini alimuuliza nani sasa? Alimuuliza yule anayemwamini, na yule akamjibu taa.

Kuna binti mmoja wa Sinza anafahamika kwa wachezaji wenzake tu, wala hana mbwembwe. Yeye alichukua kompyuta iliyotumika ofisini, lile kasha refu jeusi linaloonekana kama la benki, ndani ina hiyo i5-8500. Akachagua refu makusudi, maana yale makasha membamba kadi ya kawaida haiingii, mpaka utafute ile fupi maalumu. Pawa saplai za mashine hizi ni ndogo kwa wati na nyingi waya zake siyo za kawaida, kubadilisha ni kazi. Kwa hiyo akatafuta GTX 1650 isiyohitaji waya wa ziada. Kadi hiyo inakula wati 75, na huo ndio umeme ambao slot ya mazabodi inaweza kuupa. Kuna waliomshawishi achukue RX 580 iliyotumika kwa sababu ina nguvu zaidi. Ni kweli ina nguvu, ila inataka wati 185 na waya wake. Kwenye hiyo mashine ingekuwa kutafuta msiba.

RAM alikuta kijiti kimoja cha GB 8, akaongeza cha pili kinachofanana nacho, maana vijiti viwili vikifanya kazi pamoja data inapita kwa njia mbili. Akaweka SSD. Hela iliyobaki akanunua stabilaiza.

Mashine yake ni mbaya kwa sura, haina hata taa moja ya urembo. Pia ina mwisho wake: GB 4 za kadi ile ni kidogo kwa magemu mapya makubwa, inabidi kushusha ubora wa picha. Lakini Valorant inakwenda bila kukwama, GTA V inakwenda, na mwaka wa pili huu haijalala.

Hakuna anayesema taa ni dhambi. Mwenye hela zake aweke hata disko. Tatizo ni kumuuzia mtu wa laki nane ndoto ya mtu wa milioni kumi bila kumwambia tofauti. Kama mashine umepewa na duka ili uitangaze, sema. Kama feni sita haziongezi hata fremu moja kwa mtu mwenye kadi ndogo, sema. Watoto wanachukua maneno ya staa kama ya daktari.

Kwa anayejichanga sasa hivi, mpangilio ni mwepesi tu. Kwanza gemu gani unataka kucheza. Pili kadi inayoliweza hilo gemu. Tatu pawa saplai ya kuaminika inayoitosha kadi hiyo. Nne prosesa isiyo babu, RAM ya GB 16 na SSD. Kasha mwisho kabisa, hata la mtumba. Taa utanunua mashine ikishajilipa yenyewe.

Dogo wa Mbagala karudi kwenye viatu. Lile kasha la kioo liko kwenye kona ya chumba, maza kaweka juu yake maua ya plastiki.

Wadau, staa abebe lawama au dogo angejiongeza? Shuka nayo hapo chini.