Mgeni Hapigwi kwa Kukosa Adabu

Mwandishi aliyedai kwamba mgeni anayeheshimu mila za Wathai hatapata madhara amewatazama watalii walevi wa mji wa Pattaya tu. Wageni wengi waishio Thailand ni vibarua kutoka Myanmar, Kambodia na Laos, na baadhi yao Kithai wanakisema vizuri.

Desemba 2020, korona ilipolipuka katika soko la kambamiti mkoani Samut Sakhon, vibarua wa Myanmar walizungushiwa seng'enge, huku lawama nyingi zikitupiwa wao. Walimkosea nani heshima? Vita vilipozuka kwenye mpaka wa Thailand na Kambodia Julai 2025, baadhi ya vijana wa Kithai waliwavamia Wakambodia mitaani, watu waliowajengea maghorofa na kuwavunia miwa. Laki kadhaa walirudi kwao. Aliyekunja ngumi hakuuliza kwanza kama anayempiga anajua kusalimu kwa Kithai, kwa kukutanisha viganja na kuinamisha kichwa.

Halafu kuna polisi. Kibarua ambaye kibali chake kimefungwa kwa mwajiri anaogopa kushtaki, maana anaweza kufukuzwa nchini kabla ya aliyempiga kuitwa kituoni. Ndugu mwandishi, mdaie kwanza haki ya kushtaki bila kufukuzwa, ndipo tuzungumze habari za adabu.