Msiilaumu Ng'ambo kwa Swala Ambayo Hamkuifundisha Nyumbani



Sifa zote njema ni za Allah (SW), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), ahli zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, kila fomu za masomo ya ng'ambo zinapotoka, barazani husikika maneno mawili. La kwanza: "Mtoto akenda kwa wazungu, dini imekwisha." La pili: "Mwacheni aende, atatutoa kwenye dhiki." Wenye kusema haya hugombana, lakini kosa lao ni moja. Wote wanaiangalia nchi anayokwenda mtoto. Hakuna anayemwangalia mtoto mwenyewe, wala nyumba anayotoka.

Maneno haya nawaelekezea hasa jamaa wa Kudha, Chovai, Chula, Koyama na Ngumi, walioko visiwani na Kismayo, na waliotawanyika Lamu, Mombasa na Uingereza tangu vita vya 1991. Sisi si wageni wa safari. Wazee wetu walikwenda na kaskazi wakarudi na kusi. Wanafunzi wa pwani hii walipelekwa Lamu kusoma Riyadha, madrasa iliyoasisiwa na Habib Swaleh, wakaishi mbali na mama zao. Profesa Ali Mazrui, mtoto wa Sheikh Al-Amin bin Ali aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alisoma Manchester, Columbia na Oxford. Alipofariki Marekani mwaka 2014 alirudishwa kuzikwa Mombasa, naye maisha yake yote alikuwa akiutetea Uislamu mbele ya walimwengu. Basi asituambie mtu kwamba safari yenyewe ndiyo inayoua dini.

Safari yenyewe ni ipi?

Tuchukue mpango wa YES, unaojulikana na Waislamu wengi wa Kenya. Marekani iliuanzisha mwaka 2002, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, kwa wanafunzi wa sekondari kutoka nchi zenye Waislamu wengi au jamii kubwa za Kiislamu. Mwanafunzi hukaa mwaka mmoja wa masomo kwa familia ya wenyeji na kusoma skuli ya hapo. Wenyeji wale hawalipwi. Mji hauchagui yeye. Mwaka ukisha hurudi kwao, na sharti la viza yake humtaka akae kwao miaka miwili kabla ya kuomba viza za kuhamia au za kazi huko.

Sasa nyinyi mnaosema "atatutoa kwenye dhiki", atawatoa kwa nini? Anapewa pesa kidogo za matumizi yake. Mkimpigia simu kila wiki kumuomba karo ya mdogo wake, mnamtia dhiki mtoto wa miaka 16.

Na mwenye pasipoti ya Somalia asidanganywe na dalali yeyote. Juni 2025 Marekani ilitangaza kuwazuia raia wa Somalia kuingia nchini mwake. Vijana wengi wa Somalia huelekea Uturuki kwa ufadhili wa serikali ya kule. Lakini nako msidhani mmemaliza kazi kwa kuwa ni nchi ya Waislamu. Adhana ataisikia mara tano kutwa, na kitandani atabaki kama hakuzoea kuamka.

Maisha ya kila siku yalivyo

1. *Swala.* Kudha iko karibu na ikweta. Mwaka mzima jua hutoka na kuzama karibu saa ile ile. Minneapolis, kwenye Wasomali wengi, mwezi Desemba jua hutoka karibu saa mbili asubuhi na kuzama saa kumi na nusu jioni. Adhuhuri na Alasiri zote zaweza kumkuta skuli. Mwezi Juni jua huzama saa tatu usiku. Mtoto aliyezoea kuswali kwa kusikia adhana atapotea wiki ya kwanza. Wala asijidanganye kuwa yeye ni msafiri wa kupunguza swala mwaka mzima. Katika madhehebu yetu ya Shafii, aliyenuia kukaa siku nne kamili mahali pamoja, bila kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, safari yake imekatika.

2. *Kibla.* Kwetu tunaelekea kaskazini. Marekani misikiti mingi huelekea kaskazini mashariki. Jambo dogo, lakini kuna wanaoondoka bila kulijua.

3. *Chakula.* Nguruwe yumo katika vyakula vingi, na si nyama tu, hata jelatini ya peremende. Mtoto ajue kusoma maandishi ya pakiti, na ajue kusema kwa adabu, "Hiki sili, ahsanteni." Kuhusu nyama ya Watu wa Kitabu, amuulize sheikh wake kabla ya kuondoka, asije akatafuta fatwa kwenye simu akiwa na njaa.

4. *Nyumba.* Wamarekani wengi hufuga mbwa ndani. Shafii ana hukumu iliyo wazi ya najisi ya mbwa na kuosha mara saba, moja kwa udongo. Basi familia ielezwe mapema, na mtoto atenge nguo na mswala wake. Vyombo ataosha, chumba atafagia, nguo atafua. Mvulana aliyelelewa na dada zake kumwekea hata maji ya kunywa ataonekana mvivu, nao watadhani ndivyo Uislamu ulivyo.

5. *Skuli.* Ajue haki zake. Skuli za serikali za Marekani haziruhusiwi kuongoza wanafunzi katika ibada, lakini mwanafunzi kuswali mwenyewe wakati wa mapumziko hakukatazwi. Huko Muskogee, Oklahoma, skuli iliyomzuia msichana kuvaa hijabu ilishitakiwa, na mwaka 2004 Wizara ya Sheria ikawa upande wa msichana, akaruhusiwa. Mwaka huo huo Ufaransa ilipitisha sheria ya kukataza hijabu katika skuli za serikali. Mnaosema "wazungu wote ni wamoja" hamjasoma hata sheria za nchi mnayomzuia au kumpeleka mtoto.

6. *Ramadhani.* Miaka hii inaangukia wakati wa masomo. Atakula daku peke yake, na wenzake watakula mchana mbele yake. Idd huenda ikawa siku ya mtihani. Upweke huu ndio mtihani mkubwa kuliko baridi.

"Lakini huo ni mtego!"

Wapo wanaosema Marekani haitoi pesa zake bure. Kweli, haitoi bure, wala haifichi: inataka vijana wa nchi zetu waijue na watu wake wawajue vijana wetu. Wao wana nia yao. Wewe mzazi nia yako ni ipi? Ukimtuma mtoto bila nia, atachukua ya mwenziwe.

Na suala la msichana kusafiri bila mahramu ni suala la fiqhi, lina maneno ya wanavyuoni, na mzazi ana haki ya kuliuliza na kulifuata. Lakini lisifanywe pazia. Mbona mvulana anaachwa aende bila swali hata moja, naye swala ya Alfajiri hajaiswali kwa wakati tangu Shaaban? Dini haikuwekwa kwa binti peke yake.

Basi tufanye nini?

Kabla ya kutia sahihi fomu, mjaribuni miezi mitatu. Msimwamshe Alfajiri. Aamke mwenyewe. Apike, afue, ajue tahara kwa dalili na si kwa kuiga. Ahifadhi sura za kutosha kuswalia na kujiliwaza. Aweze kujibu kwa upole swali la "Kwa nini mnafunga?" Akishindwa nyumbani, abaki mwaka mwengine. Akifaulu, mpeni ruhusa na dua, na msimzuie kwa uvumi wa barazani.

Nahodha mwenye akili hailaumu bahari kwa dau ambalo hakulitia kalafati. Suratun-Nisaa, aya ya 103, inatukumbusha kuwa swala imewekewa nyakati zake kwa Waumini. Haikutajwa humo Kudha wala Minnesota.

Allah awahifadhi watoto wetu walioko mbali na walioko karibu, na atupe sisi wazazi uwezo wa kuitekeleza amana hii. Amin.

Wabillahi tawfiq.