Kabla ya Kamera Mpya, Nunua Miguu Mizito

Kila wiki inboksi yangu inaleta swali lile lile: "Msee, unatumia kamera gani?" Hakuna hata mmoja ameshawahi kuuliza kamera yenyewe inasimama juu ya nini. Wacha leo nijibu swali ambalo hamjauliza. Kama unapiga picha za mandhari huku kwetu, kuanzia Garsen mpaka pale mto unapomwaga maji baharini Kipini, pesa yako ya kwanza iende kwa tripodi. Na si ile nyepesi ya kutia mfukoni. Nzito. Ile ambayo ukiipandisha kwa boda, mwenye boda anaanza kuhesabu nauli ya watu wawili.

Najua kuna mtu tayari ananiambia mchagua jembe si mkulima. Sawa. Lakini nenda kamuulize mkulima yeyote wa Garsen kama atalima udongo wetu mweusi na jembe lenye mpini uliooza. Kuchagua jembe ni kitu kimoja, jembe kukatika mkononi ni kitu kingine.

Tuanze na upepo. Kipini inatazama bahari wazi, hakuna kitu cha kukukinga. Kusi likishika, katikati ya mwaka, linakuja moja kwa moja kutoka majini na mchanga wake. Stendi nyepesi inatetemeka kama mtu mwenye malaria. Wewe huoni kutetemeka huko kwa macho, unakuja kuona nyumbani ukikuza picha: minazi ina kivuli mara mbili, ngalawa haina ukingo.

Halafu mwanga. Picha nzuri za ufuoni ziko alfajiri kabla jua halijachomoza, na jioni likishazama. Wakati huo kamera inataka kufungua jicho lake sekunde 1, sekunde 2, hata 8. Hakuna mkono wa binadamu unaotulia sekunde 8, hata ushike pumzi hadi ugeuke rangi. Na sekunde hizo ndizo zinazotoa ile picha ambayo ni yetu sisi: maji ya Tana ya kahawia yakikutana na ya bahari. Shata ikikaa wazi, mawimbi yanalainika, na ule mstari wa rangi mbili unaonekana wazi kabisa. Tope lile limesafiri kutoka milimani, kwenye mto wa karibu kilomita 1,000, mrefu kuliko yote Kenya. Linastahili picha iliyotulia.

"Lakini simu za siku hizi zinatuliza picha zenyewe." Kweli, zinapunguza mtikisiko wa mkono. Lakini hata ile modi ya usiku kwenye simu inafanya kazi kwa kukusanya mwanga kwa muda, na simu ikitulia ndipo inapata nafasi ya kukusanya zaidi. Kwa hivyo simu yako ya kawaida juu ya miguu mizito inaweza kuishinda kamera ya bei inayoshikwa mkononi saa kumi na moja na nusu asubuhi. Na droni? Inataka usajili na kibali cha KCAA, na kusi haliiheshimu.

Sasa mbinu, maana uzito peke yake hautoshi. Miguu ya chini ya ufuoni izamishe kwenye mchanga kwanza, usukume hadi ikatae kushuka. Kwenye tope la mikoko au udongo mweusi uliolowa, weka kipande cha mbao au patipati lililokwisha chini ya kila mguu. Usiinue ile nguzo ya katikati, hapo ndipo mtikisiko unapoanzia. Jaza kiroba mchanga, kining'inize chini ya nguzo kikigusa ardhi kidogo ili kisipepesuke. Vua mkanda wa kamera, unapiga kelele kama tanga. Weka taima ya sekunde 2 usiiguse kamera wakati inapiga. Ukirudi, osha miguu yote kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, uifungue na kuikausha. Chumvi inakula aluminiamu na skrubu kimyakimya.

Bei? Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, siongei na nyinyi kama mtu mwenye hela. Tafuta ya mitumba, hata iliyochubuka. Ile mizee ya video, ya chuma, watu wanaiuza rahisi kwa sababu ni mizito. Uzito wanaoukimbia ndio unaoutaka.

Lakini sababu yangu kubwa si picha kali. Angalieni delta yetu inavyoonekana huko nje. Tunaonekana mafuriko yakija, au watu wakipigana. Mtu anakuja siku moja, anapiga kutoka juu, anaondoka. Delta hii ni hekta 163,600 zilizoorodheshwa na mkataba wa Ramsar mwaka 2012, lakini picha zake nyingi ni za siku mbaya.

Na hapa mahali panabadilika. Hata mdomo wa mto pale Kipini si wa tangu zamani: ni mfereji wa Belezoni, uliochimbwa karne ya 19 kuunganisha Tana na mto Ozi, uliovuta maji upande ule. Leo wazee wa Kipini wanakuonyesha baharini, "pale palikuwa na nyumba." Ozi wakulima wanalia maji ya chumvi yanaingia kwenye mpunga. Wakisema hivyo kwenye mikutano, wanaulizwa ushahidi uko wapi.

Ushahidi ni picha mbili za mahali pamoja, urefu mmoja, pembe moja, zikipishana miaka. Mgeni wa siku moja hawezi kuzipiga. Na mkono pia hauwezi, kwa sababu hakuna anayekumbuka alishika simu urefu gani mwaka jana. Miguu mitatu inakumbuka: unaandika urefu, unatia alama mahali iliposimama, unarudi.

Kwa hivyo wewe uliye Kipini, Ozi, Ngao, Minjila, chagua sehemu moja tu. Omba ruhusa kwa wenye pale, weka alama nyuma kabisa ambapo bahari haijafika, kwenye jiwe au mzizi wa mbuyu. Rudi kila mwezi, maji ya bamvua yakiwa yamejaa, maana ukipiga leo yamejaa na kesho yamekupwa utakuwa unatudanganya. Tofauti hapo inaweza kupita mita 3. Andika tarehe na saa. Picha nyingine zitakuwa za kuchosha na hazitapata likes. Zihifadhi tu. Miaka mitano ijayo, mtu akiuliza ufuo ulikuwa wapi, sisi ndio tutakuwa na jibu.